J.M. Barrie: Msimulizi wa Peter Pan na tumbaku aliyoipa jina

KATIKA mtaa wa Wardour, jijini London, palikuwa na duka la tumbaku la ukoo wa Carreras, Wahispania waliohamia Uingereza katika karne ya 19. Humo iliuzwa tumbaku ya kiko iliyoitwa Craven Mixture, ambayo kwa mujibu wa simulizi za wenye duka ilichanganywa kwanza kwa ajili ya mwungwana mmoja wa Kiingereza, Earl wa tatu wa Craven.

Leo hata umwage dhahabu kaunta, hutaupata mkebe mpya wa tumbaku hiyo. Imekoma kutengenezwa. Lakini wavutaji wa kiko wangali wanaizungumzia kwa jina jingine, Arcadia, na jina hilo walilipata kwa mtu mmoja mfupi wa kimo, mpole wa sauti na mwenye kikohozi kisichokatika: James Matthew Barrie, mwandishi ambaye ulimwengu unamkumbuka kwa kumbuni Peter Pan, mvulana aliyekataa kukua.

Aghalabu wanaosimulia maisha ya Barrie huanza na Peter Pan. Hilo ni kosa dogo. Miaka 14 kabla ya mvulana huyo kupanda jukwaani, Barrie alikuwa tayari amewabunia watu wazima nchi yao ya kukimbilia, na mlango wa nchi hiyo ulikuwa kiko.

Barrie alizaliwa Mei 9, 1860, katika mji mdogo wa Kirriemuir nchini Scotland. Babake, David, alikuwa mfumaji wa vitambaa kwa mkono. Mamake aliitwa Margaret Ogilvy, kwa kuwa wakati huo wanawake wa Scotland waliendelea kutambuliwa kwa majina ya kwao hata baada ya kuolewa. James alikuwa mtoto wa tisa kati ya kumi.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1867, alipokuwa na umri wa miaka sita, msiba uliifika nyumba hiyo. Kakake, aliyeitwa David kama babake na ambaye ndiye aliyekuwa kipenzi cha mama, alianguka akiteleza kwenye barafu, akaumia kichwa na kufariki alipokaribia kutimiza miaka 14.

Margaret alilala kitandani akiwa ameelekea ukutani, hataki kula wala kusema. Barrie mwenyewe aliyasimulia hayo baadaye katika kitabu alichokiita kwa jina la mamake, kilichochapishwa mwaka wa 1896. Siku moja aliingia katika chumba hicho chenye giza. Mama aliposikia hatua, aliuliza iwapo ndiye. Mtoto alielewa kwamba swali hilo lilielekezwa kwa marehemu, akajibu kwa sauti ndogo kwamba hakuwa yeye, bali ni mimi tu.

Tangu hapo alijitwika kazi ya kumrudisha aliyekufa. Alivaa nguo za David, akajifunza kupiga mluzi kama David, akasimama mbele ya mama akiwa ametanua miguu na kutia mikono mifukoni kama alivyofanya kakake. Mama alijiliwaza kwa wazo kwamba mwanawe aliyekufa angebaki mvulana daima. Mwana aliyebaki hakulisahau wazo hilo.

Alisomea Glasgow, Forfar na Dumfries, kisha Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikohitimu mwaka wa 1882. Mwaka uliofuata alipata kazi ya kuandika tahariri katika gazeti la Nottingham Journal. Kazi hiyo ilikwisha mwaka wa 1884, na mwezi Machi 1885 akafunga safari ya London akitegemea kalamu peke yake. Mhariri Frederick Greenwood wa St James's Gazette ndiye aliyempokea makala zake, za kwanza zikihusu watu wa kwao Kirriemuir, kisha mambo mengine yoyote ambayo kijana mhitaji angeweza kuyageuza kuwa safu ya gazeti.

Uvutaji wa kiko ulikuwa miongoni mwa mambo hayo. Makala alizoandika kuhusu wavutaji zilikusanywa na kuchapishwa mwaka wa 1890 kwa jina My Lady Nicotine.

Kitabu hicho si kikubwa wala hakina mkasa wa kutisha. Msimulizi wake ni mwanamume aliyeoa na ambaye, kwa ajili ya mkewe, ameacha kuvuta. Anakumbuka siku zake za ukapera, alipokaa nyumba ya kupanga pamoja na wenzake wachache, wote makapera, wote wavutaji wa tumbaku moja. Tumbaku hiyo ndiyo Arcadia. Haisifiwi kwa mizani wala kwa bei. Husemwa tu kwamba hakuna mfano wake, kwamba aliyeionja hawezi kurejelea nyingine, na kwamba si kila mtu anastahili kuambiwa habari zake.

Ni mzaha, bila shaka, lakini wenye uchungu ndani yake. Mwishoni mwa kitabu mume huyo huketi usiku mkewe akiwa amelala, kiko kitupu mdomoni, akisikiliza jirani wa upande wa pili wa ukuta akikung'uta kiko chake. Hawajuani kwa sura. Kwa kusikiliza tu anajua jirani anapojaza, anapowasha na anapozima. Anayevuta ni mwingine, naye anaridhika kwa kusikia.

Kwa nini aliiita Arcadia? Hilo ni jina la eneo la milima nchini Ugiriki, ambalo washairi wa Ulaya kwa karne nyingi wamelifanya kuwa nchi ya wachungaji wasio na dhiki, ambako mtu hupumzika na shughuli za dunia. Barrie aliichukua nchi hiyo, akaikunja na kuitia ndani ya mkebe.

Hapa yafaa kueleza jinsi tumbaku ya namna hiyo inavyotengenezwa. Mchanganyaji hachukui jani la aina moja. Huchukua jani la Virginia lenye utamu, akatia majani madogo yenye manukato kutoka Uturuki na nchi jirani, na pengine jani la Latakia, ambalo hukaushwa kwa moshi wa kuni hadi likawa jeusi. Ustadi uko katika kipimo. Maduka ya London yaliweka madaftari yenye vipimo vya wateja wao, nayo yalilindwa kama hirizi. Ndiyo sababu tumbaku ikikoma kutengenezwa ni vigumu kuifufua. Hata kipimo kikijulikana, mashamba na mazao yanakuwa yamebadilika.

Kitabu kilipendwa. Wavutaji wakaanza kuuliza Arcadia ni ipi hasa. Arthur Conan Doyle, rafiki ya Barrie, aliitumia katika hadithi yake ya mwaka wa 1893 kuhusu mpelelezi Sherlock Holmes: Holmes anaona majivu kwenye koti la Daktari Watson na kutambua kwamba tabibu huyo, ingawa ameoa, angali anavuta Arcadia ya siku zake za ukapera. Utani huo wa rafiki kwa rafiki ulieleweka na kila msomaji wa wakati ule.

Hatimaye Barrie aliifichua siri. Katika miaka ya mwisho ya karne hiyo aliwathibitishia wenye duka la Carreras kwamba Arcadia ya kitabuni ni Craven Mixture na si nyingine. Duka halikulala. Ungamo hilo liliingizwa kwenye matangazo yake, na jina la mwandishi likauza tumbaku miaka na mikaka. Mtu anaweza kujiuliza iwapo ilikuwa busara kuitaja. Siri ya kitabuni ilikuwa tamu kwa sababu haikuwa na anwani. Ilipopata anwani ikawa bidhaa kama nyingine.

Miongoni mwa marafiki wa Barrie katika miaka hiyo alikuwa mtu ambaye jina lake si geni kwa Wakenya. Joseph Thomson, Mskoti mwenzake, ndiye mvumbuzi aliyesafiri kutoka Mombasa mwaka wa 1883 akipita nchi ya Wamaasai hadi kufika Ziwa Victoria. Maporomoko ya maji ya Nyahururu yalipewa jina lake, na swala mdogo wa mbuga zetu angali anaitwa kwa jina lake. Barrie aliandika sura nzima kumhusu katika kitabu chake cha mwaka wa 1889 juu ya watu mashuhuri waliopitia Edinburgh.

Thomson aliingizwa pia katika timu ya kriketi ambayo Barrie aliiunda mwaka wa 1887, timu iliyosifika kwa kutojua kriketi. Inasimuliwa kwamba wakiwa kwenye gari moshi wakielekea mechi yao ya kwanza, Barrie aliwauliza Thomson na mvumbuzi mwingine wa Afrika, Paul du Chaillu, jinsi ya kumwomba Mungu msaada kwa lugha ya Waarabu wa Afrika. Wakamwambia ni Allahu Akbar. Timu ikaitwa Allahakbarries, jina lililounganisha maneno hayo na jina la Barrie mwenyewe. Mtoto yeyote wa chuoni Lamu angaliwasahihisha wasafiri hao wawili, kwamba maneno hayo humtukuza Mwenyezi Mungu na hayana maana ya kuomba msaada. Lakini hapakuwa na mtoto wa Lamu kwenye gari moshi hilo. Thomson alifariki mwaka wa 1895 akiwa na umri wa miaka 37, afya yake ikiwa imechakazwa na safari. Timu iliendelea kucheza, na kushindwa, hadi mwaka mmoja kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia.

Barrie aliyemsimulia mume aliyeacha tumbaku kwa ajili ya ndoa alioa Julai 1894. Mkewe alikuwa mwigizaji, Mary Ansell. Tofauti na mume wa kitabuni, yeye hakuacha kiko. Ndoa ndiyo iliyovunjika, kwa talaka, mwaka wa 1909. Hawakujaliwa watoto.

Watoto aliwapata kwingine. Mwaka wa 1897, akimtembeza mbwa wake mkubwa aliyeitwa Porthos katika bustani ya Kensington, alizoeana na wavulana wadogo waliokuja na yaya wao. Hao walikuwa George na Jack, wana wa wakili Arthur Llewelyn Davies na mkewe Sylvia. Peter alikuwa mtoto mchanga. Baadaye walizaliwa Michael na Nicholas, jumla wakawa watano. Barrie aliweza kuchezesha masikio, kupandisha unyusi mmoja huku akishusha mwingine, na kusimulia visa visivyokwisha vya mazimwi na maharamia.

Visa hivyo ndivyo vilivyozaa mchezo wa Peter Pan, ulioonyeshwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Duke of York's mnamo Desemba 27, 1904. Mtu aliyekwisha kusoma My Lady Nicotine hakosi kuona udugu. Kule kuna makapera wachache wenye siri yao, hapa kuna wavulana waliopotea wenye kisiwa chao. Katika nchi zote mbili hapaingii mtu ila aliyekubaliwa, na katika zote mbili anayekua, au kuoa, ametoka na hana njia ya kurudi. Hata moshi haukukosekana. Kapteni Hook, haramia mkuu, hutumia kishikilio alichokibuni mwenyewe ili avute sigara kubwa mbili kwa pamoja.

Yaliyofuata baada ya ushindi huo yanasikitisha. Arthur alifariki kwa saratani mwaka wa 1907. Sylvia naye aliuawa na saratani mwaka wa 1910. Barrie, ambaye wakati huo alikuwa miongoni mwa waandishi waliolipwa vizuri zaidi Uingereza, akawa mlezi wa wavulana watano mayatima, akawasomesha na kuwalea kama wanawe.

Nyumba aliyoishi wakati huo ilikuwa juu ya mto Thames, katika jengo la Adelphi Terrace. Ilikuwa na meko makubwa ambayo mtu angeweza kuketi ndani yake, na humo ndimo alimojikunyata na kiko chake, akikohoa usiku kucha. Kikohozi hicho kilijulikana kwa kila mgeni. Katika zama hizo sayansi ilikuwa bado haijathibitisha madhara ya tumbaku kama ilivyofanya kuanzia mwaka wa 1950, na kiko kilihesabiwa kuwa rafiki wa mwandishi. Mzoea punda hapandi farasi.

Heshima zilimjia. Alipewa cheo cha baroneti mwaka wa 1913 na nishani ya Order of Merit mwaka wa 1922. Kapteni Robert Scott, aliyefia barafuni akirejea kutoka Ncha ya Kusini mwaka wa 1912, alimwandikia mojawapo ya barua zake za mwisho, akimwomba awatazamie mjane na mtoto wake. Mtoto huyo, Peter, aliitwa hivyo kwa heshima ya Peter Pan.

Lakini wana wake wa kulea hakuweza kuwazuia wasikue, wala wasife. George aliuawa kwa risasi katika mahandaki ya Flanders mwezi Machi 1915, akiwa na umri wa miaka 21. Michael, ambaye wengi waliona ndiye aliyekuwa moyo wa Barrie, alizama majini karibu na Oxford Mei 19, 1921, pamoja na mwanafunzi mwenzake. Hakuwa stadi wa kuogelea na aliyaogopa maji tangu utotoni. Inasimuliwa kwamba Barrie alikuwa akitoka kwenda kutuma barua, kwani alimwandikia Michael kila siku, ndipo mwandishi wa gazeti akamkuta langoni na kumwuliza kuhusu ajali ambayo yeye alikuwa hajaisikia.

Baada ya hapo aliandika kidogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza kwa uchovu wa kuandika, akajifunza kutumia wa kushoto. Katibu wake, Lady Cynthia Asquith, alimpangia mambo yake. Jioni alitembea sakafuni huku na huko, kiko mdomoni, maneno machache.

Wakati huo duka la mtaa wa Wardour lilikuwa limekuwa kampuni kubwa. Mnamo 1928 lilifungua kiwanda kipya kaskazini mwa London, jengo lililonakshiwa kama hekalu la Misri ya kale, likilindwa na sanamu mbili za paka weusi wakubwa. Kiwanda hicho kiliitwa Arcadia Works. Nchi ya makapera wachache ilikuwa imegeuka mashine zinazotema sigara kwa maelfu ya maelfu. Sigara maarufu zaidi ilikuwa Craven A, iliyochukua jina lake kwenye tumbaku ileile ya kiko, na iliyotangazwa, jambo la kustaajabisha leo, kuwa haidhuru koo.

Kampuni ya Carreras iliungana na Rothmans mwaka wa 1958 na kuhamisha kiwanda mwaka uliofuata. Paka wakaondolewa, jengo likawa ofisi, na nakala za paka hao zikarudishwa mlangoni mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka wa 1999 Rothmans nayo ikamezwa na BAT, kampuni ambayo wakulima wa tumbaku wa Migori na Bungoma wanaifahamu vyema. Katika kumezana huko, mkebe wa Craven Mixture ulitoweka. Wachanganyaji wengine wamelibandika jina Arcadia kwenye tumbaku zao, kila mmoja akiota ladha ambayo Barrie hakupata kuieleza.

Barrie hakuyaona hayo. Alifariki kwa nimonia jijini London Juni 19, 1937, akiwa na umri wa miaka 77, akazikwa Kirriemuir kando ya wazazi wake. Sehemu kubwa ya mali yake ilimwendea Lady Cynthia.

Peter Pan haikuwa miongoni mwa mali hiyo. Mwezi Februari 1929 hospitali ya watoto ya Great Ormond Street ilimwomba aketi katika kamati ya kuchangisha fedha za kununua ardhi. Alikataa kuketi katika kamati. Miezi miwili baadaye aliikabidhi hospitali hiyo haki zote za Peter Pan. Hakimiliki ilipokwisha baada ya miaka 50 tangu kifo chake, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka wa 1988, kwa rai ya aliyekuwa Waziri Mkuu James Callaghan, kwamba hospitali iendelee kupokea mirabaha ya mchezo huo nchini humo bila kikomo.

Ni fedha kiasi gani zilizopatikana, hospitali haijawahi kutangaza. Barrie aliomba isitangazwe, na safari hii siri yake imetunzwa.